Uso Chukueni, Tumbo Nirudishieni

Juzi mlikuja kwangu hapa Katubuka kundi zima, mkavua viatu mlangoni bila kuambiwa, mkaniamkia mmoja mmoja, na yule mrefu wenu akaniuliza hali ya mgongo wangu. Nikajua mna shida. Kijana wa siku hizi haulizi mgongo wa mtu bure.

Shida yenyewe nikaisikia. Hoteli moja ya ufukweni imewapa kazi ya kuipamba kwa ile sikukuu ya wageni ya mwisho wa mwezi wa kumi, ya maboga yenye macho na vizuka vya shuka, Halowini. Mkanionyesha kwenye simu maboga ya rangi ya chungwa yamepangwa kwenye ngazi za nyumba za watu. Mkaniuliza maboga ya namna hiyo yanapatikana wapi Kigoma hii, na mtu afanye nini yasioze kwa joto letu. Nikawaambia mnipe siku chache. Mliniona nimenyamaza, mkadhani nimechoka. Sikuchoka. Ningejibu papo hapo ningelia au ningegomba, na yote mawili hayafai mbele ya wageni waliovua viatu. Kwa hiyo nimeandika, msome taratibu.

Mimi nimekuwa mtunza bustani maisha yangu yote ya kazi, nyumba moja tu, pale kwenye mteremko juu ya ziwa. Nyumba ilikuwa ya mradi wa maji. Mabosi walikuja na kuondoka, kila mmoja na maua yake anayoyataka, mimi nikabaki na udongo. Aliyenifundisha ni Mzee Hamisi, mtu wa Ujiji, aliyekuwa mtunza bustani pale kabla yangu. Mimi Muha na Mkristo, yeye Mswahili wa Ujiji na Mwislamu, na tulitaniana kwa hayo mpaka alipostaafu. Ijumaa alikuwa ananiachia bustani, Jumapili mimi namwachia yeye, na ilikuwa bustani pekee mjini isiyokosa mtu.

Siku yangu ya kwanza niliiharibu kazi kwa usafi. Mama yangu alinilea na ufagio mkononi, kwamba uwanja wa mwanamke mwenye akili hauonekani jani. Basi nilifagia bustani yote. Nilifagia chini ya michungwa, nikafagia kati ya nyanya, kila jani nikalikusanya pembeni na kulichoma moto. Udongo ukabaki mwekundu na safi, nami nikasimama na ufagio wangu nikingoja sifa. Mzee Hamisi akaja, akatazama chini, akatazama jua, akaniuliza kwa upole, "Mama Nesto, huyu umemvua nguo kwa kosa gani?"

Mchana nyanya zilikuwa zimelala chali. Wiki ile nzima alinibebesha mabaki ya michikichi kutoka kwa akina mama wanaokamua mawese, magunia kwa magunia, nikayatandaza juu ya udongo mpaka usionekane tena. Mpaka leo nikimwona mtu anafagia chini ya mche mkono unaniwasha. Udongo wa nchi ya joto haukai uchi. Ufunike kwa majani makavu, kwa nyasi, kwa chochote kilichowahi kuwa hai, nao utakutunzia maji uliyoupa jana.

Mengine aliyonifundisha nayasema haraka, maana najua mnavyosoma. Mwagilia jioni, jua likishaegemea milima ya Kongo, na maji yaende kwenye shina, si kwenye majani. Kabla hujamwagilia chomeka kidole. Kikitoka na udongo umekinata, weka ndoo chini uende nyumbani. Vumbi la dagaa linalobaki mwaloni baada ya kuanika ni mbolea nzuri kuliko ya dukani, lakini lifukie vizuri, la sivyo paka wa mtaa mzima watakuja kukulimia. Na uwe na shimo la mboji, maganda na mabaki ya jikoni yote yaingie humo, lifunikwe kwa majani ya mgomba na kupewa maji kidogo kiangazi. Shimo hilo likumbukeni, nitalirudia.

Sasa Mama Lina. Alikuja na mumewe, fundi wa mabomba wa mradi, na binti yao Lina aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Mtoto yule aliokota Kiswahili cha Ujiji upesi kuliko wazazi wake, na alikuwa akimwita Mzee Hamisi Babu. Mama Lina alikuwa mtu wa kuuliza kabla ya kuagiza, na hilo ni nadra kwa bosi wa rangi yoyote. Lakini mambo ya sikukuu yake hakuuliza, kwa sababu nani anauliza namna ya kusherehekea sikukuu aliyoizoea tangu utotoni?

Mwaka wao wa kwanza alishona vizuka kwa bafta nyeupe mpya, akavijaza pamba kichwani, akavifunga shingo kwa kamba na kuvitundika kwenye mpapai ulio karibu na uzio. Mpapai ule unatazamana na njia wanayopita watu wakitoka sala ya alasiri. Mimi na Mzee tulikuwa upande wa nyuma na miche, hatukuona. Jua halijazama nikasikia hodi getini, nikafungua, nikakuta akina mama wamejitanda khanga, mmoja ana kuni kichwani, mwingine ana unga kwenye ungo. Wakaingia kimya kimya, wakanishika mkono.

"Pole, Mama Nesto. Ni nani?"

"Nani nini?"

Wakanionyesha mpapai. Kwao bafta mpya iliyokatwa na kufungwa vile ni sanda, na nyumba inayotundika sanda hadharani basi imepatwa na msiba mzito uliowaondolea watu akili, inahitaji kusaidiwa. Mama Lina alipoeleweshwa aliona haya mpaka shingo ikawa nyekundu. Alivishusha mwenyewe, akavikunja, akavificha kabatini. Akina mama nao walikataa kurudi na unga, walisema unga uliotoka nyumbani kwa ajili ya kufariji mtu haurudi, wakawasha moto pale pale uani, tukala ugali kwa samaki wa migebuka na Lina akashiba kuliko sote. Toka mwaka ule vizuka vyetu tulivitengeneza kwa magunia na majani makavu ya mgomba. Havikumtisha mtu isipokuwa mbuzi wa jirani, na nyinyi fanyeni hivyo hivyo.

Miaka iliyofuata tulichonga mapapai mabichi, matikiti, na vibuyu vikavu ambavyo ni bora kuliko vyote kwa joto, maana kibuyu hakina tena cha kuoza. Papai lililotobolewa lina siku mbili, ya tatu linakaa kama uso wa mzee asiye na meno. Mwaka mmoja nilipaka mawese kwenye mikato ili isikauke. Asubuhi nilikuta sisimizi wamejipanga mstari kutoka kwenye uzio, wanaingia jicho la kushoto na kutokea mdomoni. Lina alifurahi mno, akaniomba kila mwaka niweke sisimizi. Nyinyi pakeni maji ya ndimu. Na msiweke mshumaa, unalipika tunda kwa ndani. Wekeni zile taa ndogo za sola wanazotumia wavuvi siku hizi. Enzi zetu wavuvi walikuwa na karabai tu, taa za mafuta zenye moto mkali, na karabai ndani ya boga ingekuwa futari.

Mtauliza kwa nini mapapai na si maboga. Hapo ndipo swali lenu linapouma.

Boga letu linapandwa na mvua za kwanza, tunakula majani yake Desemba, tunavuna masika yakielekea mwisho. Yanayobaki yanakaa, yanaliwa moja moja kiangazi chote. Ikifika mwezi wa kumi, hakuna boga sokoni. Lililobaki nyumbani kwa mtu ni boga la mbegu, lile zuri kuliko yote, lililochaguliwa tangu likiwa shambani, likawekwa kwenye uchaga juu ya jiko moshi ulilinde na wadudu, likingoja mvua. Sikukuu ya hao wageni inakuja wiki zile zile ambazo boga pekee katika nyumba ni lile ambalo halitakiwi kuguswa. Kwao ndiyo kwanza wanavuna, kwetu ndiyo kwanza tunapanda. Hakuna aliyekosea, ni jua tu limetugawa hivyo.

Mwaka wa mwisho wa familia ile hapa Kigoma, Lina alitaka boga la kweli. Hakulia wala kudeka, alisema tu mara moja kwamba angependa kabla ya kuondoka achonge boga la kweli na si papai. Mama yake akaniuliza kama linaweza kupatikana. Nilizunguka soko la Mwanga, nikateremka mpaka Ujiji, wauzaji wakanicheka. Nikaishia kwa Mzee Hamisi. Sikwenda kuomba boga, nilikwenda kumjulia hali. Alikuwa amestaafu, miguu inavimba, anakaa barazani mguu mmoja juu ya kigoda. Katika mazungumzo nikamweleza safari yangu ya bure, na sisi tukacheka.

Yeye akaacha kucheka. "Mtoto anaondoka mwaka huu?"

"Wanaondoka mradi ukiisha."

Akamwita mkewe. "Bi Mwajuma, lishushe."

Juu ya jiko la Bi Mwajuma lilikuwepo moja tu. Miaka mingine yalikuwa matatu, lakini panya walikuwa wametoboa mawili. Nalijua boga lile, kila mtu aliyefanya kazi na Mzee alilijua: la rangi ya majivu, lenye mabonde kama ya mgongo wa kobe, ganda lake unaligonga linaitika. Nyama yake tamu, na linakaa juu ya jiko mwaka mzima bila kulegea. Mama yake Mzee alizivusha mbegu zake kutoka ng'ambo ya ziwa, zimefungwa kwenye pindo la khanga, alipokimbia vita akiwa msichana. Hakuvuka na kitu kingine. Mzee alizipanda kila mwaka tangu mama yake alipofariki, na hakuwa na picha ya mama yake.

Bi Mwajuma alisimama katikati ya uwanja, boga amelikumbatia kifuani. Nami nikakataa. Nikamwambia Mzee hapana, mtoto atachonga papai.

"Mgeni anayeaga hanyimwi," akasema. "Na boga lazima nilipasue tu, mvua ikikaribia nitoe mbegu. Basi alipasue yeye. Waambie hivi: uso chukueni, tumbo nirudishieni. Mawingu yameshaanza kusimama Kongo."

Nilimfikishia Mama Lina maneno hayo kama yalivyo. Alilipokea boga kwa mikono miwili. Akaniambia ameelewa, mbegu zote ni za Mzee, hata moja haitapotea. Siku ya kulichonga ilikuwa Jumapili, nami nilikuwa kanisani.

Jumatatu asubuhi nilikuta boga limewekwa kwenye ngazi, lina macho na mdomo wa meno matatu, zuri kweli. Mama Lina akanijia na chupa ya kioo imefungwa utepe wa njano. Alikuwa anatabasamu kwa haya kidogo, kama mtu aliyeandaa zawadi na hajui kama itapendeza. Ndani ya chupa mlikuwa na mbegu. Nilipoipokea bado ilikuwa na joto.

Kwao, watu wakipasua boga la sikukuu ile, mbegu huoshwa, hutiwa chumvi, hukaangwa na kuliwa. Mtu akikupa boga na akaomba mbegu, amekuomba umkaangie, na kuzikaanga vizuri ndiyo shukrani yenyewe. Alizichagua moja moja, akazikausha kwa taulo, akasimama kwenye jiko asije akaziunguza. Alifanya kila kitu kwa heshima. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Nilimweleza zile mbegu ni nini na zilitoka wapi. Alikaa kwenye ngazi kando ya boga, akafunika uso. Kisha akanyanyuka akavaa khanga, akasema, "Twende kwa Mzee. Nitasema mwenyewe."

Tulikwenda. Mama Lina akasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake, bila kujitetea, akaweka chupa mkekani. Mzee Hamisi akaifungua, akatoa mbegu moja, akaibana kwa meno, akatafuna polepole.

"Chumvi imekaa," akasema.

Bi Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni. "Mama mkwe wangu alivuka nazo usiku, risasi nyuma yake," akasema. "Leo zimekuwa bisi." Akaingia ndani. Hakutoka kutuaga, na nyinyi mnaojua Ujiji mnajua mwenye nyumba asipotoka kuaga maana yake nini.

Mzee akamaliza kutafuna. Akaniuliza mimi, kana kwamba tuko kazini, "Utumbo wake, zile nyuzi nyuzi, mlitupa wapi?"

Mama Lina akajibu, "Kwenye shimo la mboji."

"Aliyekomba nani?"

"Lina."

"Kwa kijiko au kwa mkono?"

"Kijiko kikubwa."

Mzee akanigeukia. "Kijiko huacha mbegu kwenye nyuzi. Shimo lisiguswe. Usiligeuze, usilifukue kutafuta, utazivunja. Ngoja mvua."

Mvua ya kwanza ilipiga wiki iliyofuata. Nilikuwa nafika kazini kabla ya saa yangu, nainama juu ya shimo kama mtu aliyeangusha pete. Yakachipua. Tatizo lilikuwa kwamba vilichipua vitu vingi, kwa sababu miezi mingi yalikuwa yametupwa humo kutoka jikoni matikiti, mung'unye na maboga ya sokoni, na mche wa boga ukiwa mdogo ni mche wa boga tu. Nani ni nani, Mungu ndiye anajua. Kawaida ningeng'oa yaliyozidi. Safari hii sikuthubutu kung'oa hata kimoja. Mashina yakatambaa, yakaingia kwenye maua ya Mama Lina, yakapanda uzio, yakafika mpaka kwenye ngazi. Alikuwa na waridi alizozipenda, zikafunikwa. Alizipita kila asubuhi hakusema neno.

Yalipoanza maua, Mzee Hamisi alikuja kwa bajaji. Miguu ilikuwa imevimba vibaya, tukamweka kwenye kiti katikati ya yale majani, akawa anatuelekeza kwa fimbo. Hapa sikilizeni kama wakulima. Ua la kiume la boga linasimama kwenye kikonyo chembamba. Ua la kike lina kitoto nyuma yake tangu halijachanua, na kitoto hicho kina umbo la boga litakalokuwa. Mzee akawa anainua majani kwa fimbo, akitazama kitoto kimoja baada ya kingine. Cha mviringo, akapita. Kirefu, akapita. Kisha akasimamisha fimbo. Nyuma ya ua moja palikuwa na kitoto bapa, kina mabonde, kina vinyweleo vyeupe. Akaiweka fimbo chini, akainama kitini.

"Shikamoo mama," akakiambia, kwa sauti ndogo. Sisi tukatazama pembeni.

Sasa nyuki hachagui. Akitoka kwenye boga la sokoni na kuingia kwenye ua lile, mbegu zitachanganyika na mwakani utavuna mgeni. Kwa hiyo ua la kike unalifunga jioni kabla halijachanua, na la kiume la shina lile lile unalifunga pia. Alfajiri unafungua, unachuma la kiume, unalipaka taratibu ndani ya la kike, unalifunga tena. Mzee akaomba kitambaa laini cha kufungia. Mama Lina aliingia ndani akarudi na ile bafta ya vizuka, akaichana mikanda mbele yetu. Lina ndiye aliyeshika mikanda, mimi nikafunga. Asubuhi nilipaka ua lile kama mtu anayejifunza, mimi niliyekuwa nimepaka maua ya kutosha kujaza soko. Likashika.

Lilipofika ukubwa wa chungwa Mzee akaja tena. Alikuwa na desturi ya kulitia alama boga la mbegu likiwa changa, anakwaruza mstari kwa ukucha ili asije mtu akalichuma la kupika. Ukikwaruza ganda changa linatoa utomvu, kisha kovu, na kovu linakua pamoja na boga. Lina akamwuliza anaandika nini. Akamweleza. Mtoto akafikiri, akasema, "Babu, na mimi nilichoree uso?"

Nikamtazama Mzee, nikajua nitasikia hapana.

"Chora," akasema. "Kwa ukucha, si kwa kisu. Na ukishachora usifute, hata ukikosea."

Akachora macho mawili na mdomo. Jicho moja likapanda juu kuliko jingine, akataka kulirekebisha, Babu akamshika mkono.

Mzee Hamisi hakuliona likiiva. Alifariki nalo lina ukubwa wa kichwa cha mtoto. Nilifanya kazi siku ile kwa sababu sikujua pengine pa kwenda, nikamwagilia kila kitu ingawa mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nimempenda kama baba, na sikuwahi kumwambia, maana mtu hamwambii mwalimu wake wa bustani maneno kama hayo, anamwuliza tu kuhusu nyanya.

Arobaini yake ilipofika, boga lilikuwa limekomaa. Mama Lina aliniuliza kama itakuwa vibaya wakienda, kwa sababu Bi Mwajuma hakuwa amesema naye tangu siku ya chupa. Nikamwambia sijui. Nilikuwa sijui kweli. Tukaenda hivyo hivyo, yeye amejitanda khanga, na Lina amelibeba boga mwenyewe, limemzidi, anatembea kifua nyuma.

Uwanja ulikuwa umejaa akina mama. Lina akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwajuma, akalitua mkekani mbele yake, upande wa uso ukiwa juu. Makovu yalikuwa yametanuka na boga. Macho yamekuwa makubwa, mdomo umefunguka toka bonde hili mpaka lile. Wanawake wakasogea kutazama. Mimi nikakumbuka sanda kwenye mpapai, nikajiambia leo tumekwisha.

Bi Mwajuma alilitazama. Akapitisha kidole juu ya kovu.

"Jicho hili limepanda," akasema.

"Nilikosea," Lina akajibu. "Babu alisema nisifute."

Bi Mwajuma akaanza kucheka, khanga mdomoni, mabega yanatikisika, kisha kicheko kikageuka kilio na hakuna aliyemzuia. Alipomaliza akaagiza kisu. Alilipasua kwa nyuma, uso hakuugusa. Nyama ikaenda kwenye sufuria pamoja na nazi na iliki. Mbegu alizitoa mwenyewe kwa mkono, akazisugua kwa majivu, akazianika kwenye ungo kulikokuwa na jua.

Watu walipoanza kuaga alipita na ungo ule. Aliyetoka Kagunga akapewa, aliyetoka Ilagala akapewa, majirani, shemeji, mimi, kila mtu kiasi cha kiganja. Mimi nikamnong'oneza abakize za kwake. Akanijibu, "Lilikuwa juu ya jiko moja tu, nikaona lilivyotaka kuisha." Alipofika kwa Mama Lina alisimama. Akamshika mkono, akaukunjua vidole, akamimina.

"Hizi," akamwambia, "usizikaange."

Siku hizi nikipita sokoni masika yakiisha nayaona, ya kijivu yenye mabonde, kwa wauzaji ambao hawakumjua Mzee Hamisi. Siwaulizi wameyatoa wapi.

Basi jibu lenu ni hili. Mwakani msije mwezi wa kumi. Pandeni mwezi wa sita, mmwagilie jioni, mtandaze mabaki ya michikichi, na boga likifika ukubwa wa chungwa chukueni kucha zenu hizo ndefu mlichoree uso. Litakua nao, halitaoza, na baada ya sikukuu litarudi kwenye uchaga likiwa zima.

Mwaka huu mmechelewa. Juu ya jiko langu yako mawili, la kupanda na la akiba. La akiba nitawapa, kwa sababu mimi pia nilikuwa na mtu aliyenifundisha kutoa. Lakini sina moyo wake wote. Mtalipasulia hapa uani kwangu, nimekaa kwenye kigoda, beseni mapajani. Nyinyi mtaondoka na uso. Tumbo litabaki kwangu mpaka mvua ya kwanza, siku hiyo mrudi kila mmoja na mkono wake wazi nimpe za kupanda.

Hizo msizikaange.